Chifu, Karani na Mkulima Waulizwe Kwanza

Mapema mwaka 2023 machifu na manaibu wao kote nchini Kenya walipewa kazi ya kuwaandikisha wakulima, ili serikali ijue nani analima nini, wapi, na kwenye shamba la ukubwa gani. Katika eneobunge la Kabuchai, kaunti ya Bungoma, kama ilivyokuwa Trans Nzoia na kwingineko katika ghala la mahindi la nchi, orodha ile ndiyo iliyoamua nani angepata ujumbe mfupi wa kumwita depo ya Bodi ya Nafaka na Mazao akachukue mbolea ya ruzuku, na mifuko mingapi. Bei ya mfuko wa kilo 50 ilishuka mwaka huo kutoka shilingi 3,500 hadi 2,500, kwa hiyo kuupata au kuukosa ujumbe ule halikuwa jambo dogo kwa mwenye nusu ekari. Mfumo unaohifadhi orodha hiyo, unaojulikana kwa kifupi cha KIAMIS, ni daftari kubwa la kompyuta. Si akili mnemba. Lakini akili mnemba yoyote itakayokuja kumshauri mkulima wa Chwele, hapo Kabuchai, apande lini, au kuiarifu wizara ni nani anayedanganya kuhusu ekari zake, itajifunza kutoka kwa madaftari kama hili. Kosa lililoingia siku ya kuandikishwa litakuwa limo ndani yake, ila safari hii litatoka likiwa limevaa mamlaka ya hesabu.

Machi 2025 Kenya ilizindua Mkakati wa Taifa wa Akili Mnemba wa mwaka 2025 hadi 2030, na kilimo, afya, elimu na huduma za serikali ni miongoni mwa maeneo unayoyalenga. Rasimu yake ilitolewa Januari mwaka huo ili watu watoe maoni, na hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, kutoa maoni kuhusu mkakati wa taifa ni mbali na kuulizwa kuhusu mashine itakayokupangia wewe ulipe kiasi gani au upewe mifuko mingapi. Mkakati huzungumza kwa jumla. Mkaazi wa Mukuyuni au wa Luuya, huko Kabuchai, hana pa kuushika, kwa kuwa haumtaji yeye wala shamba lake. Faida na madhara huja baadaye, katika masharti ya zabuni, katika mpangilio wa fomu, katika swali ambalo mhudumu wa afya analisoma kwenye simu akiwa amesimama mlangoni kwa watu. Ninachoshikilia ni kwamba hapo ndipo wafanyakazi wa serikali na wananchi wanapaswa kuingizwa, zabuni ikiwa bado haijatangazwa. Wengi hulichukulia suala hili kuwa la heshima tu, kwamba mwenye nchi abishiwe hodi. Heshima ina nafasi yake, lakini kuna sababu nzito zaidi: watu hawa ndio wenye habari ambazo mashine ikizikosa haiwezi kufanya kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Chukua swali linaloonekana jepesi kuliko yote: una ekari ngapi? Kabuchai ni mahali ambapo ardhi imegawanywa kizazi baada ya kizazi, na jibu la swali hilo halikai kwenye kisanduku kimoja. Hati ya shamba huenda bado ina jina la babu aliyefariki zamani, na kesi ya mirathi haijawahi kufunguliwa kwa sababu ya gharama. Wanawe watatu walishagawana, kila mmoja akajua mpaka wake ulipo, lakini mbele ya sheria hakuna hata mmoja anayemiliki. Mmoja amemkodisha jirani kipande chake kwa msimu. Jirani ndiye anayehitaji mbolea, ila aliyeandikwa ni mwenye kipande. Wa pili anafanya kazi Nairobi na mkewe ndiye mkulima, lakini laini ya simu iliyotumika kujisajili ni ya mume, kwa hiyo ujumbe wa kumwita depo unaingia kwenye simu iliyo umbali wa kilomita mia nne. Wa tatu amefariki na kuacha mjane ambaye bado anatumia namba ya marehemu. Mahindi yamechanganywa na maharagwe, migomba iko kando, na robo ya shamba ni kahawa au miwa. Ndivyo mashamba mengi ya Bungoma yalivyo. Sasa ipe mashine data hiyo na uiagize itafute walaghai: kaya tatu zinazodai mbolea kwa kipande chenye hati moja zitaonekana kama genge la wezi, ilhali ni familia ya kawaida iliyokosa pesa za wakili.

Anayeyajua haya bila kufungua kompyuta ni naibu wa chifu, pamoja na mzee wa mtaa anayeitwa kila mpaka unapogombaniwa. Karani wa depo naye anajua, kwa sababu ndiye anayewatazama usoni watu waliokuja kwa bodaboda kutoka mbali wakaambiwa jina kwenye kitambulisho halifanani na jina kwenye mfumo. Afisa wa ugani anajua, ingawa afisa mmoja nchini anahudumia wakulima zaidi ya elfu moja na hawezi kufika kila boma. Hawa ndio wanaokutana na kosa la mashine kabla ya mtu mwingine yeyote. Katika miradi mingi ya kidijitali ya serikali, wao huitwa mara moja tu, kwenye semina ya siku mbili ya kufundishwa jinsi ya kubonyeza, mfumo ukiwa umeshakamilika na malipo ya mkandarasi yameanza. Wanafunzwa kuitumikia mashine. Hawaulizwi imekosea wapi, na hata wakiona kosa, aghalabu hawana namba ya kupiga isipokuwa ile ile ya dawati la msaada ambayo mwananchi naye anaipiga bila kupokelewa.

Australia iligharimika sana kwa kutowasikiliza watu wa namna hiyo. Kuanzia mwaka 2015 serikali yake ilitumia mfumo wa kompyuta, maarufu kama Robodebt, kuwadai wapokeaji wa misaada ya kijamii pesa ambazo eti walilipwa kupita kiasi. Mfumo ulichukua mapato ya mtu ya mwaka mzima kutoka idara ya kodi, ukayagawanya sawasawa kwa vipindi vya wiki mbili mbili, kisha ukalinganisha na alichosema alipata katika kila kipindi. Aliyefanya kazi miezi sita na kukosa kazi miezi sita alionekana kama mtu aliyekuwa na mshahara mwaka mzima, na hivyo mdanganyifu. Watu zaidi ya 400,000 walidaiwa madeni yasiyo halali. Wafanyakazi wa ofisi zenyewe waliliona kosa mapema. Mmoja wao, Colleen Taylor, aliwaandikia wakuu wake mwaka 2017 akieleza kinagaubaga kwa nini madeni yale si ya kweli, na hakuna kilichobadilika. Tume ya kifalme iliyochunguza mkasa huo ilitoa ripoti yake Julai 2023, na ushahidi wa mfanyakazi huyo wa ngazi ya chini ukawa miongoni mwa yaliyoonyesha kwamba serikali haikukosa habari. Habari ilikuwa ndani ya nyumba, ikakosa njia ya kupanda ngazi.

Kosa lile la Australia linapaswa kututia wasiwasi sisi zaidi kuliko Waaustralia, maana maisha ya mkulima wa mahindi ndiyo hasa maisha ya mapato yasiyo sawa. Anapanda Machi au Aprili mvua inapoanza, anakaa miezi akitumia tu, na pesa humjia kwa mkupuo mahindi yanapovunwa na kuuzwa, mapema kidogo Bungoma na baadaye upande wa Kitale. Gawanya pesa hizo kwa miezi 12 utapata mtu anayejiweza kiasi. Mtembelee Juni, gorogoro ya mwisho ya mahindi ikiwa imeshasagwa, umwone mtu asiye na shilingi. Wote wawili ni mtu mmoja, na mashine itakayomjua kwa wastani tu haitamjua kabisa.

Hapa ndipo bima ya afya inapoingia, nayo iko karibu zaidi na akili mnemba kuliko daftari la mbolea. Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya mfuko wa awali wa bima ya afya, NHIF. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, yaani Wakenya wengi, hukadiriwa na mfumo: anaulizwa nyumba yake ina paa la nini na kuta za nini, choo ni cha aina gani, maji anayapata wapi, ana mifugo na vyombo gani, kaya ina watu wangapi. Kutokana na majibu, kompyuta inakisia kipato na kumpangia mchango, ambao hauwezi kuwa chini ya shilingi 300 kwa mwezi. Nia ya mpango huu ni njema, kwani mtu asiye na hati ya mshahara naye anahitaji kiwango kinachomfaa. Lakini hebu yaangalie maswali yale kutoka Kabuchai. Paa la mabati si dalili ya utajiri tena mahali ambapo nyasi za kuezekea zimekwisha kwa sababu kila kipande kimelimwa. Maskini naye anaezeka mabati, hata kama ni ya mkopo wa chama. Ng'ombe aliyefungwa uani huenda ni wa shemeji, amewekwa hapo kulishwa. Nyumba nzuri ya matofali huenda ilijengwa na mtoto aliyekuwa na kazi, na sasa anayeishi humo ni mama mzee anayenunua dawa za shinikizo la damu kwa deni.

Mhudumu wa afya ya jamii angeweza kuyaeleza haya yote kwa nusu saa. Serikali ilizindua kikosi cha wahudumu wapatao 100,000 Septemba 2023, ikawapa mikoba ya vifaa na simu zenye programu ya kukusanya data, na posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi inayochangiwa na serikali kuu na kaunti. Wahudumu hawa, wengi wao wanawake wanaoishi katika vijiji wanavyohudumia, ndio waliotumwa kusajili watu na kuwauliza maswali ya kupima uwezo. Wanaijua ile nyumba. Wanajua ng'ombe ni wa nani. Lakini simu inawataka wachague jibu moja kati ya yaliyopo, na hakuna kisanduku cha kuandika kwamba jibu sahihi linapotosha. Kama watu ishirini wa kazi hii kutoka wadi za Kabuchai/Chwele, Nalondo Magharibi, Bwake/Luuya na Mukuyuni wangekaa na waundaji wa mfumo kwa siku tatu maswali yakiwa bado kwenye karatasi, naamini angalau swali la paa lisingepewa uzito ule ule mjini na kijijini.

Kuna jambo jingine linalofanya wakati wa kuuliza uwe muhimu hivyo, nalo ni umiliki. Mapema mwaka 2025 Mkaguzi Mkuu wa Serikali, Nancy Gathungu, aliripoti kwamba mfumo wa kidijitali wa SHA, uliogharimu shilingi bilioni 104.8, si mali ya serikali na serikali haiudhibiti, na kwamba haukununuliwa kwa ushindani. Tafakari maana yake kwa mhudumu wa Nalondo. Hata akisikilizwa leo, hata mkubwa wake akikubali kwamba swali fulani linawaumiza watu, kubadilisha swali hilo kunategemea mkataba na kampuni. Maoni yanayokuja baada ya kutia sahihi hukutana na mlango ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine. Haki ya kukagua mfumo, kuona jinsi unavyofikia uamuzi na kuurekebisha bila kulipia upya lazima iandikwe ndani ya zabuni. Na itaandikwa tu ikiwa watakaouhitaji urekebishaji huo walikuwa na mtu mezani zabuni ilipokuwa ikitungwa.

Sheria za Kenya haziko kimya katika jambo hili, na mtu wa Kabuchai hana haja ya kuomba kama anayeomba hisani. Katiba ya mwaka 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Ibara ya 10 kama tunu ya taifa, na Ibara ya 232 inausisitiza katika utungaji wa sera ndani ya utumishi wa umma. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai, katika kifungu cha 31, tathmini ya athari kabla ya kuanza shughuli inayoweza kuhatarisha sana haki za watu. Na katika kifungu cha 35 inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo zito, ya kujulishwa uamuzi wa namna hiyo ukifanyika, na ya kudai ufikiriwe upya. Mahakama nazo zimeonyesha kwamba haya si mapambo. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah aliamua kwamba utoaji wa kadi za utambulisho za Huduma Namba ulikuwa kinyume cha sheria kwa kuwa tathmini ya athari haikufanywa kwanza. Julai 2024 majaji watatu wa Mahakama Kuu walizitangaza sheria zilizounda SHA kuwa kinyume cha Katiba, ukosefu wa ushiriki wa kutosha wa umma ukiwa miongoni mwa sababu, ingawa Mahakama ya Rufani iliusimamisha uamuzi huo Septemba na mpango ukaendelea. Huduma Namba ilikuwa imekula fedha nyingi kabla ya uamuzi wa jaji.

Suala la lugha nalo halihesabiwi sana Nairobi, ila Kabuchai ni kubwa. Serikali inapopanga huduma ya kujibu maswali ya wananchi kwa sauti au kwa maandishi, inaanza na Kiingereza, kisha Kiswahili, na huishia hapo. Mzee wa Bwake anayeongea Lubukusu nyumbani na sokoni atajieleza kwa Kiswahili cha kujikaza, na mashine itamsikia nusu. Tatizo hili lina ufumbuzi, na ufumbuzi wenyewe ulitoka kwa watu. Mradi wa Kencorpus, uliofanywa na vyuo vikuu vya Maseno, Nairobi na Africa Nazarene, ulikusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Kiluo na lahaja tatu za Kiluhya, Lubukusu ikiwemo, kutoka kwa wanafunzi, jamii na vyombo vya habari. Sauti zile za lugha zote zilifika saa zaidi ya 170, kidogo sana kwa viwango vya dunia, lakini ni mwanzo ambao hakuna kampuni ya ng'ambo ingejitolea kuufanya. Mradi mpana zaidi uliofuata, African Next Voices, umekusanya nchini Kenya sauti za Kikuyu, Kiluo, Kikalenjin, Kimaasai na Kisomali; Lubukusu haimo. Kaunti ya Bungoma inaweza kulijaza pengo hilo, kwa kuwa ina walimu, ina watangazaji wa redio za Lubukusu kama Sulwe FM, na ina wazee wanaojua majina ya wadudu na magonjwa ya mimea ambayo hayamo katika kamusi yoyote. Kushirikisha wananchi hapa ni kazi yenye zao linaloonekana: sauti zilizorekodiwa kwa ridhaa yao, zikalipiwa, na kubaki mali ya umma.

Wapo wanaosema kwamba mkulima hawezi kushauri juu ya kitu asichokielewa. Hoja hii ina uzito wa kuonekana tu. Hakuna anayemtaka muuza vitunguu wa soko la Chwele aeleze jinsi mtandao wa kompyuta unavyojifunza. Anatakiwa aseme kama uamuzi unaotoka unalingana na maisha anayoyajua, na hilo analiweza kuliko mhandisi. Eneo hili limeshaona jambo kama hilo katika mbegu. Kitale ndiko Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilikoanzishwa mwaka 1956, na kituo cha utafiti cha mjini humo ndicho kilichozalisha mahindi chotara ya kwanza ya nchi. Wanasayansi wameendelea kutoa mbegu mpya zinazozaa zaidi kwenye mashamba ya majaribio, lakini wakulima wengi wa Bungoma na Trans Nzoia wameng'ang'ania ile ya zamani ya 614, kwa kuwa wanaipima pia kwa jinsi inavyokaa ghalani na unga wake unavyoliwa. Mtafiti alipima mavuno. Mkulima alipima mwaka mzima. Ng'ambo pia kuna ushahidi. Mji wa Amsterdam ulipounda mfumo wa kompyuta wa kuchuja maombi ya misaada ya kijamii, ulitumia wataalamu waliojitahidi kwa dhati kuufanya uwe wa haki. Baraza la ushauri lenye wapokeaji wa misaada lilipinga likisema watu wanatendewa kama washukiwa. Majaribio ya mwaka 2023 yakaonyesha kwamba mfumo ulikuwa na upendeleo dhidi ya baadhi ya makundi, na mji ukauacha. Wasio wataalamu walikuwa wameiona hatari wakati wataalamu wangali wanaamini wameiondoa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wananchi wenyewe. Wanasema vikao vya ushiriki wa umma ni mchezo: tangazo linatolewa kwenye gazeti ambalo halifiki kijijini, mwakilishi wa wadi (MCA) analeta watu wake, kuna soda na nauli, daftari la mahudhurio linatiwa sahihi, na kilichokwisha kuamuliwa kinapitishwa. Nakubali kwamba mara nyingi ni hivyo. Lakini ubovu wa vikao ni sababu ya kuvitengeneza, na sheria imeshasema vitengenezwe vipi. Katika kesi ya Robert Gakuru dhidi ya Gavana wa Kiambu mwaka 2014, Jaji George Odunga alisema mabunge ya kaunti yana wajibu wa kutumia njia nyingi iwezekanavyo, zikiwemo makanisa, misikiti, mabaraza na redio za lugha za kienyeji, mahali ambapo watu hukusanyika kweli. Kwa Kabuchai hiyo ina maana ya siku ya soko Chwele, kipindi cha redio jioni, vikundi vya akina mama na vyama vya ushirika vya kahawa. Ina maana pia ya kutowaita watu watoe maoni juu ya akili mnemba kwa jumla, bali kuwawekea mbele majibu kumi ambayo mfumo umetoa kuhusu kaya zisizotajwa majina, na kuwauliza ni yapi ya haki na yapi si ya haki. Mtu hahitaji soda ili aseme kwamba mjane mwenye kuku sita hawezi kulipa sawa na mwenye duka la dawa.

Kuhusu wafanyakazi, kuna wanaohofia kwamba watautumia ushiriki kulinda vyeo vyao, au hata mianya yao ya ulaji. Hofu hii haikutoka hewani. Mfumo wa ujumbe mfupi uliletwa kwa sababu mbolea ya ruzuku ilikuwa ikiishia kwa madalali, na huko nyuma baadhi ya waliokuwa wakiandika orodha kwa mkono walituhumiwa kuziuza nafasi. Lakini mwaka 2024 ulitufunza kitu. Mwezi Machi uchunguzi wa waandishi wa Africa Uncensored ulifichua mbolea bandia iliyokuwa ikiuzwa katika mpango huo huo wa ruzuku, na Mei Bunge likapiga kura ya kumwondoa Waziri wa Kilimo, Mithika Linturi, kabla ya kamati maalumu kumwondolea lawama. Ujumbe wa kumwita mkulima depo ulikuwa umefika sawasawa. Kilichokuwa ndani ya mfuko ni habari nyingine. Wizi ulihamia mahali ambapo orodha haikuweza kuona, na walioweza kuona ni mkulima aliyefungua mfuko na mtu wa ghala aliyeupokea. Mfumo usio na njia ya kuwasikia hao wawili, tena kwa siri pale wanapoogopa wakubwa wao, unaziba tundu moja na kuacha jingine wazi. Kwa hiyo makarani, wahudumu na maafisa wa ugani wahojiwe bila mabosi wao kuwapo, na anayeripoti kosa la mfumo alindwe kama anayeripoti wizi. Na kuhusu vyeo, waambiwe ukweli mapema: kazi ipi itaondoka, ipi itabaki, na nani atafundishwa nini. Mtu anayedhani mashine imekuja kumfukuza hataisaidia ijifunze, na sioni kwa nini alaumiwe.

Linabaki suala la muda na fedha, ambalo ndilo maafisa hulitaja kwanza. Wanasema wafadhili wana tarehe zao na mwaka wa bajeti hausubiri. Huduma Namba iliyotekelezwa kwa haraka ilikula zaidi ya shilingi bilioni 10 na kadi zake zimebaki makabatini. Gharama ya vikao katika wadi nne za Kabuchai, pamoja na posho za wahudumu, muda wa redio na kazi ya kutafsiri, haifiki hata sehemu ndogo ya kosa moja la ukubwa huo. Wala si lazima kusubiri miaka. Kwa mradi wa kilimo, msimu mmoja unatosha: wadi moja ichaguliwe Januari, maswali na majibu ya mfumo yajaribiwe hapo kabla ya kupanda, orodha ya zamani iendelee kutumika sambamba ili asiwepo anayekosa mbolea kwa sababu ya majaribio, na kila kosa liandikwe na aliyeliona. Kisha mavuno yakiwa ghalani, kikao cha pili kiitwe, chenye naibu wa chifu, karani wa depo, mhudumu wa afya na wakulima waliohudhuria kile cha kwanza, kikiwa na ripoti ya makosa mezani kwa Kiswahili na Lubukusu, na kikiwa na uwezo, ulioandikwa katika zabuni yenyewe, wa kuzuia malipo ya awamu inayofuata hadi makosa hayo yarekebishwe.